Kumweka Sawa Farasi wa Masafa Marefu Baada ya Majira ya Matope: Mwongozo Kamili

Matope yakianza kukauka, kila mpanda farasi wa masafa marefu hushikwa na haraka. Siku zimerefuka, kalenda ya mashindano imetoka, na farasi mwenyewe ana nguvu za kuchezea baada ya miezi ya kukaa karibu bure. Wiki ya kwanza anahema kidogo, wiki ya tatu anapanda mlima bila shida. Hapo ndipo wengi hujidanganya, kwa sababu kilichorudi ni pumzi tu. Moyo na misuli hujirudi ndani ya wiki chache. Kano na ligamenti (nyuzi zinazounganisha mifupa kwenye viungo) huhitaji miezi. Mifupa huchelewa zaidi, na ukwato hukua milimita 8 hadi 10 hivi kwa mwezi, kiasi kwamba ukuta mpya huchukua karibu mwaka kufika chini. Farasi mwenye pumzi nyingi juu ya miguu ambayo haijawa tayari yuko hatarini kuliko yule asiye na pumzi kabisa, maana asiye na pumzi huchoka na kusimama kabla hajajiumiza.

Kwa hiyo mwongozo huu unaifuata miguu, si moyo. Katika mashindano ya masafa marefu, kinachowaondoa farasi wengi njiani ni kuchechemea. Matatizo ya maji, chumvi na uchovu huja nyuma yake. Mazoezi yanayojenga pumzi tu hayagusi sababu hiyo ya kwanza.

Ratiba ninayoieleza ni ya wiki 12, kwa farasi mzima aliyeshindana mwaka uliopita na kupumzika miezi mitatu hivi, na lengo lake ni safari ya kwanza ya kilomita 40. Farasi mpya kabisa hafai kuingizwa humu. Wazoefu husema huchukua miaka mitatu kumjenga farasi wa kilomita 160, nami nakubaliana nao bila kupunguza hata msimu mmoja.

Mkague kutoka chini kwenda juu

Kabla ya kutoa tandiko kabatini, inua kwato moja moja. Zisafishe, kisha bonyeza soli kwa kidole gumba. Soli iliyokaa kwenye maji kwa miezi huwa laini, na ardhi ikikauka ghafla farasi huyohuyo hukanyaga mawe makali kwa soli ambayo bado haijakomaa. Ndiyo maana michubuko na majipu ya ndani ya ukwato hutokea sana wiki chache baada ya matope kuisha, wakati mwenye farasi anaamini hatari imepita. Pitisha ncha ya chuma cha kusafishia kwenye mifereji ya ile sehemu laini ya pembetatu iliyo katikati ya ukwato. Ukitoka ute mweusi wenye harufu ya kuoza, tibu kwanza, mazoezi baadaye. Farasi mwenye kidonda hapo hukwepa kutua kwa kisigino na hutanguliza ncha ya ukwato, na kutua huko huzitesa kano kwa kila hatua.

Mwite fundi wa kwato mapema, kabla ya wiki ya kwanza, na umpangie kurudi kila wiki 5 au 6. Matope mazito yana tabia ya kuvuta kiatu cha chuma, na kiatu kikitoka hung'oka na kipande cha ukuta wa ukwato. Ukwato uliobomoka hivyo hautibiki kwa siku mbili.

Sasa ngozi. Nyuma ya kifundo, juu tu ya kisigino, papasa chini ya manyoya. Magamba madogo magumu yaliyoshika vijishungi vya nywele ni dalili ya ugonjwa wa ngozi unaoletwa na unyevu wa muda mrefu, na mara nyingi bakteria anayehusika ni Dermatophilus congolensis. Watu huharibu hapa kwa bidii: huosha miguu kila siku kwa maji mengi, wakiurudisha unyevu uleule ulioanzisha ugonjwa. Acha matope yakauke, kisha yapige brashi. Ukilazimika kuosha, tumia dawa ya kuua vijidudu kama klorheksidini, iache dakika chache, suuza, na ukaushe kwa taulo mpaka kwenye ngozi. Usibandue magamba yaliyoshika, yalainishe kwanza. Mguu ukivimba au farasi akichechemea, hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo.

Kisha kano. Chuchumaa kando ya farasi, upitishe viganja viwili kwenye miguu yote miwili ya mbele kwa pamoja, kutoka chini ya goti hadi kifundoni. Usitafute joto kwanza, tafuta tofauti. Mguu mmoja ukiwa na uvuguvugu ambao mwingine hauna, au kano ya nyuma ikiwa imenenepa kidogo mahali pamoja, umepata habari ambayo jicho lisingekupa. Fanya hivi kila asubuhi kwa wiki zote 12. Baada ya siku kadhaa viganja vyako vitaijua miguu hiyo kiasi cha kugundua badiliko kabla farasi hajaanza kuchechemea.

Meno, minyoo na chanjo vishughulikiwe na daktari katika ziara moja. Mwombe pia amsikilize moyo na kumtazama akikimbia mkononi, yaani akiongozwa kwa kamba bila mpandaji, kwenye ardhi ngumu.

Namba za kuandika kabla ya siku ya kwanza

Pima mapigo ya moyo asubuhi, farasi akiwa ametulia, kabla ya chakula. Stetoskopu huwekwa upande wa kushoto, nyuma tu ya kiwiko. Utasikia sauti mbili kwa kila pigo. Zihesabu kama pigo moja. Hesabu sekunde 30 uzidishe kwa mbili, maana ukihesabu sekunde 15, kosa la pigo moja linageuka mapigo manne. Farasi mzima aliyepumzika huwa kati ya mapigo 28 na 44 kwa dakika, hupumua mara 8 hadi 16, na joto lake huwa kati ya nyuzi 37 na 38.5 za Selsiasi. Muhimu kuliko wastani huo ni namba ya farasi wako mwenyewe. Anayekaa siku zote kwenye 32 akiamka na 44, kuna kitu, hata kama 44 imo ndani ya mipaka.

Pima unene kwa mkono, kwa kuwa manyoya ya baridi huficha mbavu. Kipimo cha Henneke cha mwaka 1983, kinachotoka 1 hadi 9, ndicho kinachotumika zaidi. Farasi wa masafa marefu hufaa kuwa kwenye 4 hadi 5. Mbavu zisionekane sana, lakini kiganja kizipate bila kubonyeza kwa nguvu. Aliyekonda apewe wiki kadhaa za chakula kabla ya kazi. Aliyenenepa asikimbizwe ili apungue, atembezwe.

Mahali pa kufanyia kazi wakati ardhi bado imelowa

Tope jepesi juu ya ardhi imara halina neno kwa mwendo wa kutembea. Tope zito linalonata ni jambo jingine: kila hatua farasi huung'oa mguu kwa nguvu, misuli huchoka mapema, na misuli ikichoka mzigo hubaki kwenye kano. Tope la utelezi juu ya nyasi huumiza kwa namna yake, mguu ukikimbia pembeni na kuvuta ligamenti za viungo. Katika aina hizi mbili usizidi kutembea, na ukiweza zunguka usipite.

Barabara ngumu, ya lami au ya kokoto zilizoshindiliwa, ndiyo rafiki wa mwanzo. Kutembea juu yake kwa nusu saa au saa moja huiamsha mifupa na kano bila kishindo kikubwa. Kukimbia juu yake ni habari nyingine. Dakika chache tu, na si kabla ya wiki ya tano. Uwanja wa mchanga husaidia siku za mvua, ila mizunguko midogo hubana viungo, basi tumia kingo zote za uwanja na ubadilishe upande mara kwa mara. Mchanga mkavu wenye kina uuchukulie kama tope zito. Farasi atakayeshindana kwenye njia ya kila namna anapaswa kuwa amekanyaga ardhi ya kila namna, kidogo kidogo.

Wiki ya 1 hadi ya 4: kutembea tu

Siku nne kwa wiki, ukianza na dakika 30 hadi 40. Kila wiki ongeza kidogo, hata mwisho wa wiki ya nne afikie saa moja na nusu ya kutembea kwa bidii, kilomita 6 kwa saa au zaidi. Si kutembea kwa kuburura miguu: shingo imelegea, mgongo unafanya kazi, na mguu wa nyuma unafika kwenye alama ya mguu wa mbele au kuipita. Kuanzia wiki ya pili tafuta miinuko midogo. Kupanda hujenga misuli ya nyuma, kushuka hufundisha usawa, na kushuka polepole ni kugumu kuliko watu wanavyodhani.

Hiki ndicho kipindi kinachorukwa kuliko vyote, kwa kuwa kinachosha mpandaji. Natamani ningeweza kumshawishi kila mtu asikiruke. Wiki hizi nne hazionyeshi chochote cha kujivunia, ila ndizo zinazoamua kama utakuwa na farasi mzima miezi michache baadaye. Ukichoka kukaa, shuka utembee naye. Mgongo wake utakushukuru, na wewe pia utahitaji miguu yako siku ya safari.

Siku zisizo za kazi asifungiwe bandani. Uwanja wa matope una kasoro zake, lakini farasi aliyesimama saa 23 ndani miguu yake huvimba na viungo hukakamaa. Tafuta hata kipande kidogo kilichoinuka na kukauka.

Wiki ya 5 hadi ya 8: mchakamchaka

Mchakamchaka, mwendo ulio kati ya kutembea na shoti, ndio mwendo mkuu wa masafa marefu, kwa sababu farasi huenda mbali kwa gharama ndogo. Anza kila mara kwa dakika 15 hadi 20 za kutembea. Halafu dakika tatu za mchakamchaka mwepesi, tembea mpaka pumzi itulie, rudia mara nne au tano. Kila wiki refusha vipande au ongeza kimoja, hata jumla ifikie dakika 40 hivi ndani ya safari ya saa moja na nusu hadi mbili. Kasi ya kilomita 12 hadi 13 kwa saa yatosha. Badilisha mguu wa mbele wa farasi unaouinukia unapoinuka na kukaa tandikoni kwa mdundo. Wapandaji wengi wana upande mmoja wanaoupenda bila kujua, na baada ya kilomita nyingi misuli ya farasi hujengeka upande mmoja.

Sheria ninayoishika kwa nguvu: wiki moja, badiliko moja. Ukiongeza umbali, usiongeze kasi. Ukiongeza milima, punguza umbali. Na kuanzia hapa kila wiki ya nne iwe nyepesi, karibu nusu ya kazi ya wiki iliyotangulia. Mifupa na kano hujijenga wakati wa kupumzika, si wakati wa kazi.

Mvua ikirudi na njia zikaharibika, usijaribu kulipia siku zilizopotea. Farasi aliyekwisha jengeka hupoteza kidogo sana kwa wiki moja au mbili za kutembea tu.

Wiki ya 9 hadi ya 12: safari ndefu, kisha kupunguza

Sasa panga safari moja ndefu kila siku 7 hadi 10: kilomita 20, halafu 25, halafu 30, kwa wastani wa kilomita 10 hadi 12 kwa saa ukihesabu na kutembea. Siku mbili nyingine za wiki ziwe fupi, moja ya milima, nyingine ya mchakamchaka wa kawaida. Vipande vifupi vya shoti ya polepole kwenye ardhi nzuri vinaweza kuingia hapa. Huna haja ya kukimbiza kilomita 40 kamili nyumbani. Farasi anayemaliza 30 akiwa mchangamfu, anakula na kunywa, 40 anaziweza.

Siku 10 za mwisho punguza. Safari ndefu ya mwisho iwe siku 10 hadi 14 kabla ya tukio, na baada ya hapo ni matembezi na mchakamchaka mfupi. Hakuna mazoezi ya wiki ya mwisho yanayoongeza nguvu. Yanaongeza uchovu tu.

Soma moyo

Ukiwa na kifaa cha kupima mapigo ukiwa juu ya farasi, vizuri. Mchakamchaka mwepesi kwenye tambarare kwa kawaida humweka kati ya 110 na 140. Anayekwenda kwa mapigo chini ya 150 hivi anafanya kazi anayoweza kuiendeleza muda mrefu; mlimani atapita hapo, na ni sawa kwa muda mfupi. Mwendo uleule, njia ileile, mapigo yakiwa juu kuliko wiki iliyopita: mtafute maumivu kabla hujamlaumu kwa uvivu. Moyo huyasikia maumivu kabla macho hayajayaona.

Bila kifaa, kipimo bora ni jinsi mapigo yanavyoshuka. Simama, legeza mkanda wa tandiko, pima baada ya dakika 10. Yanapaswa kuwa 64 au chini yake, na farasi aliye sawa baada ya kazi ya kawaida atakuwa chini zaidi. Kisha jaribu kipimo kinachoitwa kwa jina la daktari wa mifugo wa Marekani, Kerry Ridgway. Pima mapigo, mkimbize mkononi mita 38 kwenda na 38 kurudi, na dakika moja tangu alipoanza kukimbia pima tena. Namba ya pili ikilingana na ya kwanza au ikiwa chini, yuko vizuri. Ikipanda kwa mapigo manne au zaidi, amechoka, amekaukiwa maji, au anaumwa mahali. Madaktari hutumia kipimo hikihiki kwenye vituo vya ukaguzi vya mashindano, kwa hiyo mnafanya mazoezi ya mtihani wenyewe.

Chakula, maji, chumvi

Nyasi kavu nzuri ndizo msingi: asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kwa siku. Utumbo mpana uliojaa nyasi ni ghala la maji na chumvi ambalo farasi hulitumia njiani. Kazi ikiongezeka ndipo uongeze nguvu, na mimi hutanguliza mafuta ya kula kidogo kidogo kabla ya nafaka. Nafaka ipungue kwa nusu siku za mapumziko. Farasi aliyelishwa nafaka kamili akiwa amesimama, kesho yake akatolewa kazini, anaweza kukakamaa misuli ya nyuma: hatua zinafupika, anatoka jasho, anakataa kusogea, na mkojo unakuwa wa rangi ya kahawa. Hapo usimlazimishe hata hatua moja. Shuka, mfunike, mwite daktari.

Majani mabichi yanayochipua baada ya baridi yana sukari nyingi. Mwachie malishoni muda mfupi kwanza, uongeze siku hadi siku, la sivyo utaandaa farasi kwa msokoto wa tumbo au uvimbe wa ndani ya kwato.

Jasho la farasi lina chumvi nyingi kuliko damu yake, tofauti na jasho la binadamu. Anapopoteza maji na chumvi kwa pamoja, huenda asihisi kiu. Gramu 30 hivi za chumvi ya kawaida kwa siku humfaa farasi wa kilo 500, na zaidi siku za jasho jingi. Elektroliti (mchanganyiko wa chumvi za mwilini) za kumpa mdomoni ziwe kwa farasi anayekunywa. Ukimpa asiyekunywa, unavuta maji kutoka mwilini kwenda tumboni, na hali inazidi. Mfundishe mazoezini kunywa kwenye ndoo ngeni, mtoni na hata dimbwini.

Manyoya ya baridi

Siku ya kwanza ya joto huwapata farasi wengi wakiwa nusu wamepukutisha manyoya. Mapigo hayashuki, na mpandaji anadhani kazi yote imepotea, kumbe joto limenaswa mwilini. Mnyoe shingo, kifua na tumbo kama ataanza kazi ya kutoa jasho mapema, umfunike anaposimama. Mwili huhitaji wiki mbili hadi tatu kuzoea joto.

Kumpoza, mwage maji mwili mzima, tena na tena. Ile hofu kwamba maji baridi hukakamaza misuli iliyochoka iliwekwa kando na utafiti uliotangulia Olimpiki ya Atlanta ya mwaka 1996. Maji baridi mengi yalipoza farasi haraka na kwa usalama.

Tandiko

Mgongo wa wiki ya nane si ule wa wiki ya kwanza. Misuli hujaa, mafuta hupungua, na tandiko lililokaa vizuri huanza kubana au kuyumba. Baada ya kila safari ndefu tazama alama za jasho: sehemu ndogo kavu katikati ya manyoya yaliyolowa ni mahali tandiko linapobana. Kesho yake telezesha vidole kando ya uti wa mgongo. Akiinamisha mgongo au akikukunjia masikio, usimpande mpaka ujue sababu. Matope yaliyokauka chini ya mkanda hufanya kazi ya msasa, kwa hiyo mpige brashi hapo mpaka kwenye ngozi.

Siku ya safari ya kwanza na baada yake

Nenda kumaliza, usiende kushinda. Wiki zilizotangulia mzoeze kusimama akiguswa na mtu mgeni mwenye stetoskopu, na kukimbia mkononi kwa kamba iliyolegea. Farasi anayevutwa kichwa huonekana kuchechemea hata akiwa mzima. Kilomita mbili za mwisho kabla ya kila ukaguzi punguza mwendo, mita mia chache za mwisho shuka na ulegeze mkanda. Daktari atatazama mapigo, rangi ya ufizi, ngozi inavyorudi ikifinywa, sauti za tumbo na mwendo. Fanya hayo yote mwenyewe kila jioni ya safari ndefu, usisubiri kuyajulia pale.

Kwenye mbio za Tevis za California, zinazokimbiwa kilomita 160 kwa siku moja tangu mwaka 1955, kuna tuzo ya Haggin Cup kwa farasi aliye katika hali bora kuliko wote kati ya 10 wa kwanza, na farasi hao hukaguliwa asubuhi ya pili. Ifanye asubuhi hiyo kuwa ukaguzi wako pia, hata baada ya kilomita 40. Mtoe, mwache atembee dakika 10, mkimbize mkononi kwenye ardhi ngumu, kisha viganja kwenye kano kama kila siku. Akiwa sawa, mpe wiki nzima malishoni bila tandiko, na urudi kwenye kazi ya wiki ya saba. Mguu ukiwa na uvuguvugu, poza kwa maji dakika 20 mara mbili au tatu kwa siku, na usimpande mpaka daktari apige picha ya ultrasaundi.